Kushusha mizigo usiku mitaani Nairobi: sheria inasema nini, na lori linanyamazishwa vipi?

KamatiYaMtaa (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Suala hili halikosi kwenye mikutano ya mitaa. Duka kubwa liko chini ya fleti, lori la bidhaa linaingia saa tisa usiku, ghorofa nne zinaamka. Mwenye duka anasema mchana lori likikwama barabara ya Outer Ring maziwa yanaharibika. Wapangaji wanasema sheria ipo. Mlinzi wa geti amesimama katikati na ufunguo mkononi, hajui amsikilize nani.

Naomba tuyaweke mahali pamoja: kisheria usiku unaanza saa ngapi, kiwango ni kipi, tunaenda kwa nani, na zaidi ya yote lori lenyewe lifanywe nini ili lishushe bila kuamsha mtaa. Ombi moja tu: "mimi yalinikuta" tuyaachie uzi mwingine. Hapa tulete vipimo na utaratibu.

---

Wakili_wa_Ploti

Kanuni zenyewe ni zile za kelele na mtetemo uliokithiri, Tangazo la Kisheria Namba 61 la 2009, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira ya 1999 (EMCA). Yanayogusa malori ni haya.

Saa: kwenye Jedwali la Kwanza mchana ni saa 12:01 asubuhi hadi saa 2:00 usiku. Usiku ni saa 2:01 hadi saa 12:00 asubuhi. Wengi hudhani usiku wa sheria unaanza saa nne au saa sita. Hapana. Lori linaloshusha saa tatu, watu wakiwa bado wanatazama habari, tayari liko ndani ya usiku.

Kiwango: mtaa wa makazi, nje ya nyumba, ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 50 mchana na 35 usiku. Ndani ya nyumba ni 45 mchana na 35 usiku. Eneo la mchanganyiko, makazi pamoja na biashara, ni 55 na 35. Eneo la biashara tupu ni 60 na 35. Tazama hiyo namba ya pili, haibadiliki. Kwa hiyo ile hoja ya "hapa Kilimani ni mchanganyiko, si makazi" inakuongezea desibeli 5 mchana, lakini usiku haikupi hata moja.

Gari: ni kosa kuendesha gari linalotoa zaidi ya desibeli 84 likiongeza kasi, na ni kosa kupiga honi isipokuwa kuzuia ajali. Kumwamsha mlinzi afungue geti si kuzuia ajali.

Halafu kuna katazo la jumla, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye meno kuliko hata ile 35. Kelele ikilalamikiwa, yanaangaliwa mambo kadhaa: ni saa ngapi, makazi yako karibu kiasi gani, inajirudia au ilikuwa mara moja, ukali wake, na kama ingeweza kudhibitiwa bila jasho kubwa wala gharama kubwa. Hilo la mwisho likumbukeni.

Leseni ya kelele ipo, lakini haizidi siku 7. Ni ya shughuli ya kupita. Mkate wa kila alfajiri hauwezi kuishi kwa leseni hiyo.

---

MamaDuka_Roysambu

Wakili asante, lakini hapo kwa mkate umenigusa. Mkate na maziwa huja saa kumi na moja alfajiri, na wateja wanataka kununua saa kumi na mbili wakitoka kazini au wakienda. Unaniambia hiyo ni usiku?

---

Wakili_wa_Ploti

Ndiyo dada. Saa kumi na moja ni usiku kamili mpaka saa kumi na mbili igonge. Sheria haimkatazi mtu kupokea mkate saa hiyo. Inakataza kelele. Mkate ukiingia kimya, hakuna kosa. Tatizo ni kwamba kreti za mkate huangushwa, haziwekwi.

---

DesibeliA

Wacha niweke hesabu, maana hiyo 35 watu huisoma vibaya.

35 si kikomo cha sauti moja. Ni wastani wa nguvu ya sauti kwa usiku mzima wa saa 10, yaani sekunde 36,000. Ichukulie kama bajeti. Kwa desibeli, kila 10 zinazoongezeka ni nguvu mara 10. Sauti ya 70 iko 35 juu ya kikomo, nayo ni nguvu mara 3,162 hivi. Gawanya sekunde 36,000 kwa 3,162: unapata sekunde 11.

Sekunde 11 za sauti ya 70 dirishani zinamaliza bajeti ya usiku mzima. Sauti ya 60 ina karibu dakika 2. Sauti ya 55 ina dakika 6. Sauti ya 80 ina sekunde 1 tu.

Sasa tazama king'ora cha rivasi. Chukua kilichoandikwa 97, maana yake desibeli 97 ukiwa mita 1. Kila umbali ukiongezeka maradufu toa 6: mita 2 ni 91, mita 4 ni 85, mita 8 ni 79, mita 16 ni 73. Mita 16 ndiyo dirisha la ghorofa ya tatu au ya nne juu ya ua. Kwa 73 una sekunde 6 za mlio. Kwa kuwa kinalia na kunyamaza nusu kwa nusu, hizo ni sekunde 12 za kurudi nyuma. Dereva mzuri akiingiza lori kwenye ua mwembamba kwa rivasi hutumia zaidi ya hizo hata kabla hajafungua mlango.

Na hiyo ni hesabu ya uwanja wazi. Kati ya kuta mbili za fleti sauti inarudi, hivyo ongeza desibeli 3 hivi ukiwa karibu na ukuta.

---

Kijiweni254

Desibeli 35 ni ndoto. Mbwa mmoja wa jirani anaipita, na Thika Road inanguruma usiku kucha. Ukipima Nairobi hii bila lori lolote unapata 45. Sheria gani hiyo?

---

DesibeliA

Mkubwa, hapo uko sawa nusu. Mitaa mingi iliyo karibu na barabara kuu haifiki 35 hata mtaa ukiwa umelala. Ndiyo maana anayelalamika kwa namba tupu huambiwa "ni barabara hiyo". Dawa yake ni kupima mara mbili: dakika 15 kabla lori halijaja, kisha lori likiwa linashusha. Ukionyesha mtaa ulikuwa 44 ukapanda hadi 68, hakuna wa kuisingizia barabara.

Tena barabara kuu huvuma mfululizo, na sikio hulizoea hilo. Kinachoamsha mtu ni kishindo: chuma kwa chuma, mlio unaokatika, mtu akipaza sauti. Waholanzi walipotengeneza mpango wao wa PIEK hawakuhesabu wastani peke yake. Waliweka kikomo cha kilele: kifaa cha kushushia mizigo kisizidi desibeli 60 kikipimwa mita 7.5, kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Hiyo 60 kwa mita 15 ni 54, na 54 inakupa dakika 7 na nusu ndani ya bajeti yetu ya 35. Ni muda wa kushusha Canter ya mkate. Kwa hiyo haiwi ndoto ukilenga chombo badala ya kugombana na saa.

---

FundiUpepo

Naingia upande wa gari.

King'ora cha rivasi: usikate waya. Tanboi (utingo) akigongwa usiku hiyo kelele utaililia. Badilisha. Mgongoni mwa king'ora kuna namba: 112, 107, 97, 87. Malori mengi yamefungwa 107 au 112 kwa sababu ndivyo vilivyokuwa dukani. Ukishuka kutoka 107 hadi 87 umepunguza 20. Kwa hesabu ya DesibeliA, 87 inafika dirishani ikiwa 63, na hapo una karibu dakika 1 ya mlio, si zile sekunde 6 za kile cha 97. Kuna pia vile vinavyojipima, hulia juu kidogo tu ya kelele ya mahali, na vile vinavyovuma "shhh, shhh" badala ya "piip". Mvumo huo husikika vizuri nyuma ya lori lakini haupenyi mbali wala hauamshi kama piip. Angalia volti: lori la Canter na la Isuzu FRR ni 24. Ukifunga cha 12 kitaungua siku hiyo hiyo.

Upepo: lori la breki za upepo hutoa "pshaa" kali kwenye kikaushia hewa kila tangi likijaa, na tena dereva akivuta breki ya mkono. Kwenye tundu la kikaushia hufungwa kizuia sauti kidogo cha kuzungusha kwa mkono. Shida yake: kompresa ikiwa inapitisha oili, kizuia sauti huziba baada ya muda, hewa hairudi vizuri, na dereva hukitoa na kukitupa. Rekebisha kompresa kwanza. Na kama "pshaa" inakuja kila dakika moja, ujue kuna mahali hewa inavuja, kompresa inajaza tangi bila kupumzika. Pitisha povu la sabuni kwenye viungo vyote. Kuziba uvujaji mmoja kunaweza kupunguza milio kuliko kifaa chochote cha kununua.

Milango ya nyuma: ile mikono mirefu ya kufungia huchezacheza njiani na kugonga bodi (sanduku la mizigo). Zungushia kamba ya blada (mpira wa ndani ya tairi) kwenye mkono na kwenye ndoano yake, mizunguko mitatu minne. Bawaba zipate grisi. Mlango ukifunguliwa ufungwe ubavuni usije ukapigwa na upepo.

Vibati vya tope, vifuniko vya betri, mnyororo wa tairi la akiba: gonga kila kitu kwa mkono lori likiwa limesimama. Kinacholia ukikigonga kitalia kwenye kila tuta la mtaa.

---

TanboiWaZamu

Fundi amesema ya gari, nami niseme ya watu, maana kelele nusu ni mdomo.

Dereva anarudi nyuma, tanboi anaita: "Kuja kuja kuja, kata kulia, kata tena, kuja, siima!" Halafu anapiga bodi kofi mbili. Bodi ya bati ni ngoma. Mtaa wote umeamka kabla mfuko mmoja haujashuka.

Badala yake tumia tochi mbili, nyeupe na nyekundu. Nyeupe ikizungushwa, rudi. Nyeupe ikielekezwa upande, kata upande huo. Nyekundu ikionekana, simama hapo hapo. Tochi ikipotea kwenye kioo cha pembeni, dereva anasimama bila kuuliza. Tanboi asimame upande wa dereva, hatua nne au tano nje ya njia ya lori, asipite nyuma ya bodi kamwe. Vesti ya kung'aa ni lazima.

Ikiwezekana lori liingie kwa mbele na litoke kwa mbele. Ua ukiwa mdogo, lirudi nyuma likiwa linaingia jioni na lilale humo, likatoke kwa mbele asubuhi. Rivasi moja ya saa kumi na mbili jioni ni bora kuliko rivasi mbili za saa tisa usiku.

Geti: hakuna honi. Tanboi anamflashi mlinzi kwa simu wakiwa dakika 5 kabla ya kufika. Mlinzi anafungua, lori linaingia bila kusimama nje na kunguruma. Injini inazimwa kabla ya mlango wa nyuma kufunguliwa, na redio inazimwa kabla ya mlango wa dereva kufunguliwa. Hili la redio watu husahau: ndani ya kabini hausikii kwamba ni kubwa.

---

MamaDuka_Roysambu

Hiyo ya kuflashi naichukua. Na kreti? Ua wangu ni wa kabro (matofali ya kutandika chini), troli ikipita inapiga "takataka" mpaka ghorofa ya tano.

---

TanboiWaZamu

Kabro na troli ya magurudumu magumu haviendani. Mambo matatu. Magurudumu yawe ya mpira wa kujaza upepo, yajazwe laini kidogo. Njia kutoka mlango wa lori hadi stoo itandikwe, zulia kuukuu la ofisi latosha, upana wa mita moja. Likilowa mvua lining'inizwe likauke, likiachwa linateleza na mtu ataanguka na maziwa. Na ukingo wa mlango wa stoo, ile ngazi ya sentimita 5 ambayo kila troli hugonga, upate mteremko mdogo wa mbao uliopigiliwa mpira juu.

Kreti za plastiki zenyewe si mbaya. Ubaya ni kuzitupa moja juu ya nyingine na kuziburuta. Watu wawili, mmoja juu anapokeza, mmoja chini anapokea. Kreti tupu ndizo zenye kelele zaidi kwa sababu ni nyepesi, watu huzirusha. Ziachwe zirudishwe na gari la mchana.

Soda za chupa zisishushwe usiku kabisa. Hakuna njia ya kuzinyamazisha.

---

GesiNaMitungi

Naongezea mitungi ya gesi, maana ni adui mkuu wa usingizi Eastlands. Mtungi wa kilo 6 au 13 ukigusana na mwenzake unalia kama kengele, na mtupu unalia zaidi ya uliojaa.

Sakafu ya bodi iwekwe mpira mzito. Kati ya safu na safu wekeni ubao uliofungwa blada. Wakati wa kushusha weka tairi kuukuu chini, pale ambapo mtungi unatua. Tairi la gari dogo lenye mchanga kidogo katikati halirukiruki. Mtungi usiviringishwe chini kwa kitako, unachubua kabro na kuharibu pete yake. Mtungi ubebwe wima. Na kizimba cha dukani kile cha nondo kipigwe vipande vya mpira mahali mitungi inapoegemea, la sivyo umenyamazisha lori na kelele imehamia dukani.

---

MajiKwaBoza

Boza la maji ndilo linalosahaulika. Mifereji ikikauka, maboza huingia usiku kwa sababu kisima kina foleni mchana. Boza la lita 10,000 likisukuma maji hadi tangi la juu ya paa kwa pampu ndogo ya petroli hupata kama lita 250 kwa dakika, maana kimo kinakula nguvu ya pampu. Hiyo ni dakika 40 za injini kunguruma chini ya madirisha. DesibeliA amesema sauti ya 55 ina dakika 6 tu. Piga hesabu mwenyewe.

Suluhisho ni tangi la chini. Boza linamwaga kwa mteremko wa maji yenyewe, bila pampu, kwa mpira mpana wa inchi 3 au 4, halafu pampu ya umeme ya jengo inapandisha maji juu saa mbili asubuhi. Yanayoharibika: mdomo wa tangi la chini ukiwa juu kuliko mdomo wa boza, maji hayaendi, dereva anawasha pampu. Mpira ukipinda mahali kama shingo, mwendo unapungua nusu. Na maji yakianguka kutoka juu ndani ya tangi tupu la zege yanavuma kama maporomoko, kwa hiyo mwisho wa mpira ushushwe hadi karibu na sakafu ya tangi. Osha kwanza huo mwisho wa mpira, umeburutwa barabarani.

Kama hakuna tangi la chini, boza lije kabla ya saa mbili usiku. Hakuna hila nyingine ninayoijua.

---

Kijiweni254

Na tipa za mchanga? Mbona hazijatajwa na ndizo zinazotikisa nyumba?

---

Wakili_wa_Ploti

Tipa inayopeleka mchanga kwenye ujenzi iko mahali pa kubishaniwa. Ujenzi una jedwali lake, la Pili, na humo mchana unaisha saa 12:00 jioni, si saa 2 usiku. Karibu na makazi ni 60 mchana na 35 usiku. Mimi nasoma kwamba kumwaga kokoto ndani ya eneo la ujenzi ni sehemu ya ujenzi, hivyo mwisho ni saa kumi na mbili jioni. Wengine wanasema tipa ni gari tu, likimwaga likaenda. Mkiandika makubaliano na mjenzi msiache nafasi ya ubishi huo: andikeni "hakuna kumwaga vifaa baada ya saa 12:00 jioni".

Mtetemo nao una kikomo: sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja kinachotoa mtetemo, au mita 30 kutoka kwenye chombo kinachosogea. Si wa kupimwa kwa simu.

---

FundiUpepo

Kile kishindo cha tipa kina sababu. Mchanga ukiwa mbichi unanata kwenye kona za bodi. Dereva akiinua bodi na mchanga ukibaki, husogeza lori mbele kidogo na kukanyaga breki ghafla ili mlango wa nyuma upige na mchanga uanguke. Ndio huo "BWAA" mnaousikia mara nne. Mchanga ukiachwa ujichuje maji kabla ya kupakiwa haunati sana. Kona za bodi zikiwa zimelainishwa kwa bati badala ya kuachwa na kutu, huteleza. Na dereva apande na koleo. Dakika 5 za koleo ni kimya kuliko vishindo vinne. Kokoto kwenye bodi ya chuma haina dawa, hiyo ni ya mchana.

---

KamatiYaMtaa

Asanteni sana. Sasa vipimo. Simu inatosha, au lazima mashine?

---

DesibeliA

Simu inatosha kwa daftari lako, haitoshi kwa mahakama. Kwenye iPhone kuna programu ya NIOSH ambayo ni ya bure na hukaribia ukweli. Simu nyingine hutofautiana sana kwa sababu maikrofoni si moja. Ikiwa kamati ina fedha, mtafute mtaalamu mwenye mita ya daraja la 2 angalau na kalibreta ya desibeli 94. Mita isiyojaribiwa kwa kalibreta kabla na baada ya kupima ni kelele juu ya kelele.

Namna ya kupima: maikrofoni iwe mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, mita 3.5 kutoka ukuta wowote kama nafasi ipo, sifongo ya upepo juu yake, kipimo kiwe "A" (kile kinachofuata usikivu wa sikio). Balkoni ikiwa ndiyo nafasi pekee, pima hapo lakini andika kwamba ni balkoni, maana ukuta unaongeza. Usishike mita kifuani. Upepo ukivuma wa kuyumbisha matawi, acha, rudi kesho.

Daftari liwe na: tarehe, saa ya kuanza na kuisha, kipimo cha kabla, wastani wa wakati wa kushusha, kilele, na kilichosababisha kilele. "68, king'ora cha rivasi" ina thamani. "Kelele nyingi sana" haina. Usiku saba mfululizo unaonyesha kwamba jambo linajirudia, na Wakili ameshasema kujirudia kunahesabiwa. Namba ya gari iandikwe kwenye daftari, isipostiwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na picha ya dereva. Yule dereva hakupanga ratiba.

---

Wakili_wa_Ploti

Ngazi za kupanda: anza na mwenye duka kwa barua, si mlinzi wala dereva. Mwenye duka ndiye anayeagiza saa. Ikishindikana nenda ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yenu. Nairobi ina 17, na Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imeweka udhibiti wa kelele mikononi mwa kaunti, pamoja na trafiki na maegesho. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nao hupokea malalamiko. Lori likiwa linapiga honi usiku huu huu, kituo cha polisi kilicho karibu kinaweza kuja, ingawa mara nyingi lori litakuwa limeshaondoka. Mwisho kabisa ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, chini ya Kifungu cha 42 na cha 70 cha Katiba. Huko ni mbali na ni ghali. Mengi huishia kwenye barua ya kwanza ikiwa na daftari nyuma yake.

Kwenye makubaliano wekeni: saa (nashauri saa 12:15 hadi saa 2:00 asubuhi, na saa 11:00 jioni hadi saa 2:00 usiku), idadi ya malori kwa siku, ni bidhaa zipi tu zinaruhusiwa nje ya saa hizo, na hapo ni mkate na maziwa, basi, king'ora kisichozidi 87 kwa gari lolote la usiku, injini kuzimwa, jina na cheo cha mtu wa dukani anayepokea simu usiku. Mtu huyo asipopatikana, lori lisubiri nje ya mtaa, si nje ya geti.

---

MamaDuka_Roysambu

Na gari la maziwa lenye friji juu? Ile injini ndogo haizimwi, wanasema maziwa yataharibika.

---

FundiUpepo

Dada, mashine nyingi za friji za lori zina upande wa umeme. Uliza kama gari lina plagi. Lililo nayo linataka soketi ya nje, mara nyingi ya fezi tatu, karibu na mlango wako. Kwa duka linalopokea kila siku hilo ni jambo la fundi umeme wa siku moja.

Kama halina plagi: lipoze vizuri njiani, lizime friji dakika 2 kabla ya kuingia getini, na mlango uwe na mapazia ya plastiki ndani. Dakika 10 za kushusha haziwezi kuharibu maziwa yaliyofika yakiwa nyuzi 4. Yanayoharibika ni yaliyokuwa nyuzi 9 tangu huko yalikotoka, na hayo friji ya kuwashwa uani haiyaokoi. Weka kipimajoto chako, chomeka katikati ya kreti ya kwanza na ya mwisho kabla hujatia sahihi.

---

KamatiYaMtaa

Nimebakiwa na moja dogo. Geti letu ni la chuma la kusukuma, na lenyewe linapiga kelele kuliko lori.

---

FundiUpepo

Toa geti kwenye reli, angalia magurudumu ya chini. Yakiwa na upande uliolika, badilisha yote mawili, yanachongwa Kamukunji. Reli ifagiliwe mchanga kila jioni, usitie grisi kwenye reli maana grisi inashika mchanga na kuwa msasa. Grisi iingie kwenye ekseli ya gurudumu tu. Mahali geti linapogonga nguzo, funga kipande cha tairi kwa bolti mbili, vichwa vya bolti vizame ndani ya mpira. Na komeo: mlinzi alishushe kwa mkono, asiliachie.